Muziki Dhidi ya Usemi: Uhakiki wa Uchanganyaji wa Sauti katika Filamu ya Interstellar (2014)

Katika uhakiki wa filamu, muziki huchambuliwa mara nyingi kama utunzi, yaani melodia, ala na hisia zinazoibuliwa. Hatua inayofuata utunzi, ambapo muziki huandaliwa na kupimwa dhidi ya usemi na milio mingine, hupewa nafasi finyu, ilhali ndiyo inayoamua kile ambacho mtazamaji atakisikia. Filamu ya Interstellar (2014), iliyoongozwa na Christopher Nolan na kutungiwa muziki na Hans Zimmer, inadhihirisha uzito wa hatua hiyo. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya uchanganyaji wa sauti, na papo hapo baadhi ya watazamaji walilalamika kwamba muziki umeyafunika maneno ya wahusika. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba sifa na lawama hizo zote zina msingi. Kinachozitenganisha ni kazi inayofanywa na usemi katika kila onesho.

Kwa kawaida, muziki wa filamu au video hukabidhiwa kwa mchanganyaji sauti ukiwa umegawanywa katika mafungu: nyuzi peke yake, ala za kupuliza peke yake, ngoma peke yake. Mgawanyo huo humwezesha kushusha fungu moja mhusika anaposema bila kuudhoofisha muziki wote. Aidha, anaweza kupunguza masafa ya kati ya hezi 1,000 na 4,000, ambayo ni muhimu katika kutambua konsonanti na hivyo kuyaelewa maneno. Kwa kuwa nyenzo hizo zipo, muziki unapoumeza usemi katika filamu ya kiwango hiki, hilo ni suala la uamuzi wa kisanaa. Nolan mwenyewe, alipohojiwa na jarida la The Hollywood Reporter mwaka 2014, aliutetea uamuzi huo na kueleza kwamba wakati mwingine aliutumia usemi kama mlio miongoni mwa milio.

Utetezi huo unathibitika katika onesho ambalo Cooper anajaribu kukiunganisha chombo chake na kituo cha Endurance kinachozunguka kwa kasi baada ya mlipuko. Kinanda cha mabomba, kilichorekodiwa katika Temple Church jijini London na kupigwa na Roger Sayer, kinatawala onesho. Maneno ni machache, na lengo la mhusika linaonekana katika picha. Muziki unapopanda, mtazamaji hapotezi taarifa yoyote ya msingi. Anaongezewa hofu na matumaini. Hapa ndipo dhana ya Michel Chion ya thamani ya ziada, yaani maana ambayo sauti huipa picha, inapopata mfano bora.

Hali ni tofauti katika onesho la Profesa Brand akiwa kitandani, karibu kukata roho. Anamwungamia Murph kwamba mpango wa kuwaokoa watu waliobaki duniani ulikuwa uongo. Sauti yake ni dhaifu, na muziki unaizidi. Nolan alieleza kwamba onesho hilo linafuata hali ya kihisia ya Murph anapoanza kuelewa anachoambiwa, na kwamba taarifa hiyo hufafanuliwa katika maonesho yanayofuata. Maelezo hayo hayaridhishi. Mshtuko wa Murph hauna picha inayoubeba; chanzo chake ni maneno pekee. Mtazamaji asiyeyasikia huona machozi kabla ya kujua sababu yake, na ufafanuzi wa baadaye humpa taarifa bila kumrudishia tukio lenyewe. Ungamo lililosikika nusu hupungukiwa na uzito wa kimaadili, kwa kuwa mdanganywa na shahidi hawalipokei pamoja.

Kwa hiyo, kanuni kwamba usemi lazima usikike daima haitoshi kuihukumu Interstellar, wala uhuru wa msanii hautoshi kuitetea. Kigezo kinachofaa ni kuuliza iwapo picha ingebaki na maana kama maneno yangeondolewa. Ikibaki, muziki una haki ya kupanda. Isipobaki, haki hiyo ni ya mhusika. Onesho la Cooper linatimiza kigezo hicho kikamilifu. Onesho la Brand halikitimizi, na kasoro yake haikutokana na utunzi wa Zimmer, bali na kiwango ambacho muziki uliruhusiwa kufikia juu ya sauti ya mtu anayekufa.