Fundi Hujulikana kwa Kulegeza Kamba

Farasi hakupata makazi Ikola. Ndorobo wa misitu ya miombo ya Katavi hubeba vimelea vya nagana, na farasi akishaambukizwa hachukui muda kufa. Kwa hiyo anayetaka kuona binadamu na mnyama mkubwa wakifundishana katika ukanda huu wa Ziwa Tanganyika asitafute tandiko wala hatamu. Aache mitumbwi na vichanja vya dagaa pale ufukweni, apande mashambani wakati wa kiangazi, mahindi yakishavunwa, awatazame watu wanaofundisha maksai kulima. Ni ufundi usio na cheti wala jengo, na kwangu mimi ni miongoni mwa mambo yanayostahili heshima kubwa katika nchi hii.

Mwambao huu uliwahi kujaribiwa kwa mnyama mkubwa kuliko ng'ombe. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India, wakateremshwa Msasani na kuanza safari ya bara chini ya Frederick Carter wa Ireland. Mwisho wa safari ulikuwa Karema, kusini kidogo mwa Ikola. Nia ilikuwa kuanzisha kituo cha kufundisha tembo wa Afrika ili wabebe mizigo badala ya wapagazi. Tembo wale walikufa mmoja baada ya mwingine. Carter mwenyewe aliuawa Mpimbwe mwaka 1880, na mradi ukafa naye. Karibu miaka mia moja baadaye walifika wakulima-wafugaji wa Kisukuma kutoka kaskazini, wakitafuta malisho na ardhi, wakiwa na ng'ombe wao wafupi wenye nundu na plau zao. Hawakuwa na mfalme nyuma yao. Walikuwa na ujuzi, na ujuzi huo ndio uliobaki Katavi.

Kazi huanza kwa macho. Mwenye ng'ombe huzunguka zizini akitafuta madume mawili yanayolingana: kimo kimoja, kifua kipana, miguu iliyonyooka, kwato zisizo na nyufa. Wakipishana kimo, nira italala upande na mmoja atabeba mzigo wa mwenzake. Kisha hutazama tabia. Dume anayeshtuka kila jani likitikisika atampa kazi mwalimu wake, na dume mzito asiyejali chochote atampa kazi nyingine. Anayefaa ni yule anayegeuza masikio kusikiliza, halafu akarudi kula. Madume huhasiwa, na mafunzo huanza wanapofikia miaka miwili au mitatu, mifupa ikiwa imekomaa lakini ukaidi haujaota mizizi.

Siku za mwanzo hakuna kinachovutwa. Dume hufungwa kamba kwenye pembe, hupelekwa kwenye mti, huguswa. Anapapaswa shingo, mgongo, tumbo, mpaka miguuni. Huitwa jina lake, jina hilohilo, kwa sauti ileile, na watu walewale. Mpita njia anaweza kudhani kijana anayemfundisha anapoteza muda kumbembeleza ng'ombe. Kumbe ndio msingi wa nyumba nzima, kwa sababu mnyama anayeogopa mkono hawezi kusikiliza sauti.

Halafu huja somo la kamba, na hapa ndipo ufundi unapoonekana waziwazi. Kijana husimama mbele, kamba mkononi, na kuivuta kidogo. Dume hukaza shingo na kuweka uzito wake nyuma. Kijana asiyejua atavuta zaidi, na hilo ni shindano asiloweza kulishinda, maana dume ana kilo 250 na yeye hana hata 60. Anayejua hushikilia palepale, bila kuongeza wala kupunguza, na kungoja. Dakika inapita. Dume hupumua kwa nguvu, hupiga mkia, hutazama pembeni. Ghafla uzito wake husogea mbele kidogo, pengine nusu ya hatua, pengine bega tu. Papo hapo kamba hulegea. Mzee aliyekaa kivulini husema, "Amekupa, mwanangu, nawe mpe." Kijana humpapasa shingo, wakapumzika, wakaanza tena.

Siri yote imo katika kitendo kile kidogo. Kuvuta humwuliza mnyama swali, na kulegeza ndiko humwambia kwamba amejibu vyema. Kamba ikichelewa kulegea, dume hajui alichofanya sawa, na somo limepotea. Wanaofundisha farasi duniani kote hutegemea kanuni hiyohiyo, na si kanuni ya jana. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Xenophon, askari na mwandishi wa Ugiriki, aliandika kitabu juu ya farasi akisisitiza kwamba anachofanya mnyama kwa kulazimishwa hakielewi, na kwamba mtu asimkaribie farasi wake akiwa na hasira. Mzee wa kivulini hana haja ya kumsoma Xenophon. Wote wawili walifundishwa na wanyama.

Baada ya kamba huja nira. Huchongwa kwa mti mgumu usio mzito kupita kiasi, na mahali inapokaa shingoni, mbele ya nundu, hulainishwa mpaka kiganja kisikwaruzwe popote. Ukali kidogo tu wa ubao huleta kidonda, na mwenye kidonda huchukia kazi. Madume huvishwa nira wakatembezwa bila mzigo, kila mmoja upande wake. Wa kushoto atabaki kushoto, wa kulia atabaki kulia, miaka yote. Mara nyingi mgeni hufungwa pamoja na mzoefu, na mzoefu hufundisha mengi kuliko mtu: anaposimama, naye husimama; anapogeuka, naye hugeuka.

Kisha hufungiwa gogo jepesi. Kishindo cha mnyororo na kitu kinachofuata nyuma huwatia wasiwasi, kwa hiyo gogo huburutwa asubuhi na jioni, kwa muda mfupi, na somo huishia pale walipofanya vizuri. Uzito huongezwa taratibu. Maksai wa kilo 300 huvuta kwa saa kadhaa nguvu ya kilo 30 hivi, sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Akidaiwa zaidi mapema, hujifunza kulala chini. Baada ya wiki kadhaa ndipo plau huguswa, kwenye udongo laini. Mmoja hukanyaga ndani ya mfuo, mwenzake juu ya ardhi isiyolimwa, na mstari huanza kunyooka.

Mwanzoni kazi huhitaji watu watatu: wa kuongoza mbele, wa kushika plau, na wa kuswaga pembeni. Jozi ikiiva, kiongozi huondoka, na anayeswaga naye huondoka. Hubaki mtu mmoja nyuma ya plau, akisema neno moja mwisho wa shamba, na maksai wakageuka wenyewe wakaingia mstari mwingine. Fimbo ipo, lakini imelala juu ya bega. Nimewaona wakulima wakisimama barabarani kutazama jozi ya namna hiyo, na hakuna aliyeuliza eka ngapi zimelimwa.

Ufundi huu humfunza pia anayefundisha. Kijana aliyeamka na hasira huona jozi yake ikiharibika mikononi mwake, na hana wa kumlaumu. Basi hujifunza kuacha hasira nyumbani, kushusha sauti, kufurahia nusu ya hatua. Raha ya kazi hii haingoji mavuno, kwa sababu kila kamba inayolegea ni ushindi unaoonekana siku hiyohiyo.

Trekta ndogo zimeingia vijijini na zinasaidia, wala hakuna sababu ya kuzipinga. Hata hivyo trekta humkuta mtu alivyo na humwacha alivyo. Maksai hula majani, huacha samadi, na hulima huku wakimlea mlimaji. Maofisa ugani na shule zetu za kilimo wangefanya jambo jema kuwaita wazee hawa kama walimu, walipwe kama walimu, kabla ujuzi wao haujazeeka pamoja nao.

Na wewe kijana wa Ikola, Karema au Mishamo mwenye madume mawili zizini, usingoje mvua za Novemba. Anza sasa, mabua yakiwa bado shambani na ng'ombe wakiwa na shibe. Wachanje dhidi ya magonjwa, watibu nagana mapema, tafuta kamba laini na mzee mvumilivu. Vuta kidogo, ngoja, na dume akikupa, mpe.