Mfuko wenye bei: Korea Kusini ilivyotoza ada ya taka kwa ujazo

Korea Kusini ilianza kutoza ada ya taka kwa ujazo nchi nzima tarehe 1 Januari 1995, baada ya majaribio ya mwaka 1994. Kabla ya hapo ada ilifuata kodi ya majengo au ukubwa wa nyumba. Kaya iliyotupa debe moja na iliyotupa madebe kumi zililipa sawa iwapo nyumba zao zililingana, hivyo kupunguza taka hakukuwa na faida yoyote mfukoni. Madampo nayo yalikuwa yanajaa. Dampo la Nanjido, lililopokea taka za Seoul tangu 1978, lilifungwa 1993 likiwa limeacha milima miwili ya taka yenye kimo cha karibu mita 100.

Chini ya utaratibu mpya, kila manispaa ilitoa mifuko yake rasmi yenye jina la eneo, ikauzwa madukani kwa bei iliyopangwa na manispaa yenyewe. Bei ya mfuko ndiyo ada. Taka za mfuko mwingine hazizolewi, na anayebainika kuzitupa hutozwa faini. Karatasi, chupa, makopo na plastiki zilizotenganishwa huchukuliwa bila malipo.

Uzito wa mpango uko kwenye sharti hilo la mwisho. Mfuko wa kulipia peke yake ungewasukuma watu kutupa taka mitaroni au kuzichoma uani. Tabia hizo zilijitokeza kweli, na faini zilihitajika. Lakini kwa kuwa njia ya bure ilifunguliwa siku ile ile, kila chupa iliyotolewa kwenye mfuko ilikuwa akiba ya papo hapo. Elimu ya kutenganisha taka ilipata mashiko kwa sababu mwenye nyumba aliiona faida yake kila alipokwenda dukani kununua mfuko. Mabango na semina pekee haviwezi kufanya kazi hiyo.

Mabaki ya chakula yalidai hatua zaidi, maana yana maji mengi, huoza haraka na kutoa majimaji machafu damponi. Mwaka 2005 ilipigwa marufuku kuyafukia moja kwa moja, na mwaka 2013 yakawekewa ada kulingana na kiasi. Sehemu nyingine hutumia mifuko maalumu au stika. Kwenye majengo mengi ya ghorofa kuna pipa lenye mizani. Mkazi hugusisha kadi, kifuniko hufunguka, uzito husomwa na deni huandikwa kwa kaya yake. Kwa kuwa maji nayo hupimwa, watu huchuja mabaki kabla ya kuyapeleka. Yaliyokusanywa hugeuzwa chakula cha mifugo, mboji au gesi.

Mapato ya mifuko hayatoshi kulipia gharama yote ya kuzoa na kuteketeza taka. Manispaa hujazia kutoka bajeti zake. Kupandisha bei kungepunguza pengo hilo, ila bei ikizidi uwezo wa kaya maskini, utupaji wa kificho hurudi.