"Malaika" na Waimbaji Wake: Uhakiki Mfupi

Wimbo "Malaika" umezoeleka mno masikioni mwetu, hata katika sherehe za harusi za Wakristo. Katika makala hii tunakusudia kuupima, pamoja na namna ulivyoimbwa upya, kwa swali moja: je, aimbaye maneno ya mwenziwe hukitunza kilio kilichomo, au huchukua sauti tu?

Asili ya wimbo ina mabishano. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeueneza kwa santuri katika miaka ya 1960. Adam Salim alidai kuwa aliutunga mwaka 1945. Shauri hilo hatuliamui. Maudhui yake ni bayana: kijana anapenda na anataka kuoa, lakini hana mali.

Miriam Makeba aliupeleka mbali wimbo huu, na Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi mwaka 1991. Wote wawili wameacha kitenzi "kuoa" kama kilivyo, ingawa kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Wako wanaoliita jambo hilo kosa. Sisi twaona kwamba mwimbaji amekubali kusimama mahali pa fukara na kusema kwa nafsi yake, kama vile nasi tusomavyo zaburi za maombolezo ya mtu mwingine.

Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani Magharibi, liliuimba mwaka 1981. Sauti ni nzuri, ila umaskini umelainishwa hata ukawa burudani. Hata hivyo, lawama isitupiwe vyombo vya umeme. Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz, alipiga gitaa la umeme, na katika "Shida" dhiki haikufichika. Kasoro imo katika kusahau anayelia.

Hapa Morogoro wimbo huu unatudai zaidi. Katika milima ya Uluguru, Waluguru kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na watoto huwa wa ukoo huo. Hivyo mahari haikuwa na uzito ule ule ilio nao kwingineko. Tusidhani, basi, kwamba kizuizi anachokililia kijana huyu ni sheria ya milele. Yakobo naye hakuwa na mali, lakini alipewa njia: alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli (Mwa. 29:18-20).

Vijana wetu wengi hawapewi njia. Mahari na gharama za harusi huwashinda, wakaishi pamoja bila ndoa, kisha tukawatenga na Meza ya Bwana. Mchungaji asikiaye "Malaika" ukumbini hana budi kujiuliza ni wangapi usharikani mwake waliokwama katika ubeti wa kwanza. Kama tukiuimba pasipo kuwatafuta, tumefanya lile tunaloliona kuwa kasoro kwa Boney M: tumetwaa sauti, tukamwacha mtu.