Dakika Nzima

Saa sita na robo usiku, wodi ya watoto, hospitali moja ya vijijini upande wa Sengerema. Muuguzi amesimama kando ya kitanda cha nne, ameivua saa yake ya mkononi na kuishika kiganjani. Amemfunua mtoto hadi kitovuni, lakini hamgusi. Anatazama tumbo likipanda na kushuka, midomo ikihesabu bila sauti, mpaka mshale wa sekunde umalize mzunguko.

Nilijaribu kuhesabu naye, nikapotelea kwenye thelathini na kitu mtoto alipojigeuza. Yeye alianza upya. Wapo wanaohesabu sekunde 15 kisha wakazidisha kwa 4, lakini pumzi ya mtoto mgonjwa hukimbia, husita, hukimbia tena. Ukikosea mbili umekosea nane. Akaandika 54. Juu yake, saa mbili usiku, chati ilisema 44.

Muuguzi huyu ana miezi mitano kazini. Diploma ya miaka 3, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga bado mpya, na usiku huu wodi nzima ni yake na mhudumu mmoja. Hakuna mashine iliyopiga kelele. Kilichomshtua ni namba mbili zilizopangana kwenye karatasi.

Akafungua kiganja cha mtoto, akakiweka kando ya chake chini ya tochi. Akabonyeza ukucha, akaachia, akangoja wekundu urudi. Akapandisha mkono wake taratibu kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, akitafuta ubaridi unapoishia. Kisha akamwita mtoto kwa jina, mara mbili.

“Mwanangu, si amelala tu?” bibi wa mtoto aliuliza.

“Hapana bibi, huu si usingizi. Nishikie tochi hapa.”

Tone la damu, kipimo cha sukari: 1.9. Malaria kali, iliyomlaza hapa, hula sukari ya mtoto. Zamani kwinini, dawa iliyotumika kuitibu, nayo iliishusha zaidi. Utafiti uliochapishwa 2010, uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba watoto waliochomwa atesunati walikufa wachache kuliko wa kwinini. Mtoto huyu alishapata dozi ya kwanza ya atesunati jioni. Lakini ugonjwa wenyewe haujaacha kula.

Akampigia daktari wa zamu, namba zikitangulia: kilo 12, pumzi 44 sasa 54, sukari 1.9, haitiki vizuri, naandaa dekstrosi, naomba uje.

Dekstrosi iliyopo kabatini ni ya asilimia 50, nzito, na huunguza mishipa midogo. Inatakiwa ya asilimia 10, ml 5 kwa kila kilo: ml 60. Akapiga hesabu kwa kalamu kwenye boksi la glovu, ingawa naamini aliijua kichwani. Bomba la ml 20, mara tatu. Kila bomba ml 4 za dekstrosi na 16 za maji ya sindano. Alilinyanyua usawa wa jicho, akagonga mapovu kwa ukucha, akamwomba mhudumu asome mstari naye kabla ya kuendelea.

Kwanza akapitisha maji kidogo ya chumvi kwenye kanula, kidole kikiwa juu ya ngozi kuona kama panavimba. Hapakuvimba. Ndipo akasukuma dekstrosi, polepole mno kwa macho yangu. Watu husifu nesi mwenye mikono myepesi. Mimi usiku ule niliupenda mkono uliokataa kuharakishwa.

Daktari alifika bomba la tatu likiisha. Wakazungumzia rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, ng'ambo ya ziwa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la wagonjwa halingoji tena kivuko. Lakini mtoto mwenye sukari 1.9 hasafirishwi popote kwanza, daraja liwepo lisiwepo.

Baada ya nusu saa akapima tena: 4.8. Mtoto alipochomwa kidole safari hii, alilia. Bibi akacheka na kufuta machozi kwa upindo wa kanga.

Muuguzi hakucheka. Alimfunua mtoto, akangoja kilio kiishe, akaivua saa. Dakika nzima: 46. Akarudia. 46. Akaandika, akamfunika, akasogea kitanda cha tano.