Ua na Maua

Mwaka 2021, ukoo wetu ulipokuwa ukijiandaa kwa mkutano wa Tanga, niliombwa picha ya marehemu mama ili itiwe katika kalenda. Ninayo moja tu iliyo nzuri. Ilipigwa mwaka 1974, uani kwetu: mama amekaa kitini, nyuma yake ukuta uliobanduka chokaa, kinu na mchi wake, na kanga mbili juu ya kamba. Kalenda ilipotoka, mama alikuwa anaelea baina ya waridi jekundu na mbingu ya buluu. Wamemwondolea ua, wakampa maua.

Jamaa walisifu sana. Nami nakiri kwamba kwa dakika moja nilifurahi, kwani uso wake ulikuwa umetakata. Kisha nikautafuta mkono wa shangazi.

Katika picha ya asili, juu ya mgongo wa kiti, upo mkono wenye hina, umekatwa na ukingo wa karatasi. Shangazi hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Siku ile alisimama kando akidhani hamo. Mkono ule ndio picha yake pekee tuliyo nayo, na kiti kilipoondolewa, nao ukaenda zake.

Simlaumu kijana wa duka la uchapaji. Programu ya Photoshop ilipoanza kuuzwa mwaka 1990, fundi alilazimika kuufuata mpaka wa bega na sikio kwa mkono wake, taratibu, na huenda angevifikia vidole vile akajiuliza ni vya nani. Siku hizi kompyuta hukisia yenyewe. Imefunzwa kwa picha nyingi mno kupima kila nukta: hii ya mtu, hii si ya mtu. Vidole visivyo na mwili iliviweka fungu moja na kiti.

Kwa picha ya pasipoti sina ugomvi. Pale nyuma tupu ya rangi moja ndiyo inayotakiwa. Nitaambiwa pia kwamba uongo huu si mpya, kwamba wazee wetu walipigwa picha studio mbele ya mapazia yaliyochorwa, na kwamba Omar Said Bakor wa Lamu alisifika kwa kuunganisha vipande vya picha mbalimbali vikawa picha moja. Ni kweli, na kazi za Bakor nazipenda. Lakini mteja wake aliujua mchezo, na ndio alioulipia. Mama hakuchagua waridi.

Ninachokishuku, msomaji wangu, ni kwamba tuliona haya. Tulisifu kalenda kwa sababu ukuta ule haukuonekana tena. Na ukuta ule mama aliupaka chokaa kwa mikono yake kila Idi ilipokaribia, na kila masika mvua ikaibandua, naye akaanza upya.

Juzi binti yangu, akiitazama kalenda ile ambayo bado inaning'inia ingawa siku zake zimekwisha, aliniuliza bibi alikuwa akiishi wapi. Nikaenda kabatini nikamletea picha ya asili. Aliitazama kitambo, akaweka kidole ukingoni.

“Baba, na mkono huu wa nani?”