M iliyozidi kwenye "Mshoga Mpya"

Kazi ya msanii Ato Malinda ya mwaka 2014, "Mshoga Mpya", ni hii: kibanda, mtazamaji mmoja kwa zamu, uso uliopakwa rangi za upinde wa mvua, visa vya mashoga wa Nairobi vikitoka kinywani mwa msanii. Kibanda kimebuniwa vizuri: ukiwa peke yako mle huna wa kumkonyeza. Kinachonikera kiko nje, kwenye jina.

Mshoga. Hiyo M imetoka wapi?

Nimekulia Mbulu, Kiiraqw nyumbani na Kiswahili darasani, na sisi tuliofundishwa ngeli kwa kiboko hatusahau. Shoga, mashoga. Ni kama rafiki, dada, kaka: katika umoja halidai kiambishi. Lakini hili si la mwalimu wa sarufi peke yake. Jina la maonyesho ndilo sura yake ya kwanza, kabla ya rangi na kabla ya taa, na hapa herufi moja imeiharibu sura.

Tazameni kilichotupwa. Unguja na Mombasa, shoga ni mwanamke wa siri zako, wa kumwita "shoga yangu, njoo nikwambie." Neno hilo hilo ndilo mtaa ulilomrushia mwanamume apendaye wanaume. Maana mbili, moja ya mapenzi na moja ya kidole, zimekaa katika silabi mbili. Andika SHOGA ukutani kwa herufi kubwa: bibi wa Mji Mkongwe atageuka, kijana wa River Road ya Nairobi naye atageuka, na kila mmoja atadhani ameitwa yeye. Mbunifu gani anapewa zawadi hiyo bure halafu anaipachika M? Mshoga hana shoga. Mlango wa akina mama umefungwa, umebaki wa wanyooshao vidole.

Nitaambiwa Nairobi ndivyo wasemavyo. Najua. Lakini neno la mtaa ni mwanzo tu; mchongaji Leilah Babirye wa Uganda naye alianzia kwenye tusi: abasiyazi, neno linaloelekea kwenye maganda ya muwa, kitu cha kutupwa. Yeye akaokota vilivyotupwa, akachonga vichwa vyake vya miti na kuvivisha minyororo ya baiskeli na mabati. Tusi likageuka malighafi. Tena alipovipa vinyago vyake koo, aliandika "ba Kuchu", kwa neno ambalo mashoga wa Uganda hujiita wenyewe, na kiambishi kikakaa Kiganda kabisa, hakikuchomekwa.

Na hilo "Mpya"? Jina la Malinda lina tafsiri yake rasmi ya Kiingereza, na ukiyasoma yote mawili pamoja utahisi kwamba la Kiingereza ndilo lililotangulia kuzaliwa. Upya wa nini? Maonyesho ya Babirye kwenye jumba la de Young, San Francisco, mwaka 2024, yalijiita kwa jina linalosema "Tuna historia". Ndivyo ilivyopaswa.

Malinda hakosi ujasiri, hilo tuliache. Mwaka huohuo wa 2014, maonyesho aliyoyaandaa Dakar na marehemu Koyo Kouoh yalivamiwa mara tu baada ya kufunguliwa, kisha yakafungwa. Lakini kuhusu majina, mpigapicha Zanele Muholi, aliyeanza picha zake za sura mwaka 2006, huandika jina, mahali na mwaka chini ya kila uso, basi.

Mfano wangu wa jina ni kanga. Pindo, mji, jina: hakuna kitabu cha ubunifu kilichonifundisha zaidi ya vipande hivyo vitatu. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka la kanga lililoanza mwaka 1887, walijua kwamba jina la kanga halielezi; linatupwa, na anayehusika atalidaka. Mwanamke akimpitia jirani mlangoni na kanga yake, hakuna aliyetajwa na kila mtu ameelewa. Hata sokoni Katesh, mama wa Kibarabaig hajaandika neno kwenye sketi yake ya ngozi, na wanaojua wanamsoma tangu ng'ambo ya mnada. Bendera ya upinde wa mvua ya Gilbert Baker ya 1978 si kazi mbaya, ila kuipaka usoni wakati tuna kanga ni kuazima chumvi ukiwa baharini.

Enyi mnaoandaa maonyesho yajayo: kabla bango halijaenda kwa mpiga chapa, lisomeni kwa sauti mbele ya bibi mmoja wa Mombasa. Akiuliza hiyo M ni ya nini, ifuteni.