Ubavu Unaouma Ngozi Ikishapona

Eksrei ya kifua haionyeshi kitu, moyo uko sawa, diklofenaki imekwisha, na bado mama anayefanya kazi kwenye shamba la maua hawezi kuvaa sidiria kwa jinsi ubavu unavyomchoma. Katika mtaa wa Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, tatizo hili linaweza kutambuliwa bila mashine yoyote. Anayempima aanze kwa kuuliza: je, uliwahi kutokwa na malengelenge upande huo?

Akijibu ndiyo, tunafikiria mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga ya utotoni havitoki mwilini; hujificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo kwa miaka mingi, kisha kinga ikishuka hufuata neva moja hadi kwenye ngozi. Henry Head na Campbell walichora ramani ya njia hizo mwaka 1900. Neva ya 4 ya kifua hupita usawa wa chuchu, ya 10 usawa wa kitovu, na kila moja huishia katikati ya mwili. Maumivu yakiendelea zaidi ya miezi 3 baada ya vipele, neva yenyewe ndiyo iliyoharibika.

Kupima kwenyewe kunataka utulivu. Mgonjwa aketi, mgongo na ubavu vikiwa wazi, afumbe macho. Pitisha pamba polepole kutoka begani kwenda chini, umwambie aseme panapobadilika, na uweke alama kwa kalamu. Rudia upande wa pili. Kisha tumia ncha ya pini safi. Pamba ikimuuma huku pini ikihisiwa kwa shida, ndani ya ukanda uleule, una jibu. Lakini maumivu yakizunguka pande zote mbili, au miguu ikilegea, hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Paracetamoli haifiki mbali hapa. Mwaka 1982 Watson na wenzake huko Toronto walionyesha kuwa amitriptilini hupunguza maumivu haya, na ni dawa ya bei nafuu. Nusu ya kidonge cha miligramu 25 jioni, saa chache kabla ya kulala ili anayewahi basi la shamba alfajiri asiamke na usingizi, kisha kipimo kiongezwe taratibu kwa wiki kadhaa. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho achunguzwe kwanza. Kinachonisikitisha ni wagonjwa wanaoitupa kwa sababu wamesikia ni dawa ya akili. Hakuna aliyewaeleza kwamba hutuliza neva pia, wala kwamba nafuu huchukua wiki.

Mkanda wa jeshi kwa kijana ni sababu ya kupima VVU. Watafiti wa Nairobi waliandika mwaka 1995 kwamba unaweza kuwa dalili ya kwanza ya maambukizi. Malengelenge yakionekana, asikloviri ianzwe ndani ya saa 72. Na kwa anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, usimwandikie kabamazepini ya maumivu ya neva kwa mazoea: hushusha kiwango cha dolutegraviri mwilini, na VVU hupata mwanya.